UZI MAALUMU: Kovu la upasuaji wa moyo linalonyanyuka, kuwasha na kuchomachoma

ZabibuChungu #1

Wakuu, heshima mbele. Maswali ya kovu la kifua yanajirudia humu na majibu yametawanyika, mengine ya hatari kabisa. Tuyaweke hapa, ili anayeshuka stesheni ya SGR Dodoma akitokea kupasuliwa Dar apate pa kuanzia.

Upasuaji wa kufungua kifua hupita kutoka chini kidogo ya koo hadi chembe ya moyo, kwa mtu mzima kama sentimita 20. Mfupa wa kidari hukatwa kwa msumeno, kisha hufungwa kwa nyaya za chuma zinazobaki humo maisha yote. Chini ya kovu refu kuna matundu mawili matatu ya mipira ya kutolea damu na maji.

Kidari ni mahali pabaya kwa makovu. Ngozi yake imelala juu ya mfupa na inavutwa kulia na kushoto kila unapovuta pumzi, kukohoa au kunyoosha mkono kuchukua kitu kabatini. Seli zinazotengeneza kolajeni (protini inayojenga kovu) zinaupata mvuto huo na kuendelea kujenga hata kidonda kikishafunga. Ndiyo maana mtu mwenye kovu zuri la kidole tumbo anaweza kupata kamba nene kifuani.

Kabla ya kununua chochote, tofautisha aina hizi mbili:

Kovu lililovimba tu linabaki ndani ya mstari wa kisu. Huanza kunyanyuka wiki ya 4 hadi ya 8, hukua kwa miezi kama 6, kisha mara nyingi hulainika lenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili.

Keloidi inavuka mpaka wa kidonda na kuingia ngozi ambayo kisu hakikuigusa. Inaweza kuchelewa, hata miezi kadhaa baada ya kidonda kupona, na hairudi yenyewe. Kwenye kidari hutambaa kwa upana, katikati nyembamba na pembeni pana kama kipepeo. Huwapata zaidi watu weusi, vijana wa miaka 10 hadi 30, na wenye ndugu walio nayo.

Piga picha kila mwezi ukiwa umeweka rula pembeni ya kovu, mahali pale pale, mwanga ule ule wa dirishani. Pima upana sehemu tatu: juu, katikati, chini. Daktari wa ngozi akiona picha nne zenye rula anaamua haraka kuliko kusikia "naona kama linakua".

---

MamaWaIpagala #2

Asante mkuu. Swali la haraka: wiki ya 7 baada ya upasuaji, kovu limefunga vizuri ila linawasha usiku mpaka mtu anaamka. Hilo ni keloidi tayari?

---

NesiWaKidonda #3

Dada, kuwasha pekee si keloidi. Wiki ya 7 mishipa midogo ya fahamu iliyokatwa inaota upya, na kovu changa linapoteza maji haraka kuliko ngozi nzima. Kwa hali ya hewa ya Dodoma, hasa upepo mkavu wa Juni hadi Agosti, ngozi inakauka na muwasho unapanda.

Fanya hivi:

Oga maji ya uvuguvugu, sabuni laini isiyo na manukato, bila dodoki juu ya kovu. Kausha kwa kugusagusa na taulo. Ndani ya dakika 3, ngozi ikiwa bado na unyevu kidogo, paka mafuta ya mgando yasiyo na harufu, tabaka jembamba. Asubuhi na jioni.

Likianza kuwasha, weka kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya baridi kwa dakika 5 hadi 10. Au bonyeza kwa kiganja bila kusugua. Usitumie kucha kabisa. Kovu changa likikwaruzwa linapata kidonda kipya, na kidonda kipya kinaliamsha tena.

Vaa pamba moja kwa moja juu ya ngozi. Nguo za nailoni na shanga ndefu zinazogusa kidari ziwekwe kando.

---

Mfamasia_AreaC #4

Naongezea upande wa dawa. Kwa muwasho, setirizini (dawa ya mzio) miligramu 10 usiku inasaidia wengi na haileti usingizi mzito kama piriton. Mwenye tatizo la figo aulize dozi kwanza.

Asiyefaa kugusa diklofenaki wala ibuprofeni ni mgonjwa wa moyo anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Zinapandisha hatari ya kutoka damu tumboni. Hata asiye na wafarini, kama alibadilishiwa mishipa ya moyo au moyo wake una nguvu ndogo, dawa hizo si zake. Maumivu ya kovu: parasetamoli kwa dozi ya kawaida, na mwenye wafarini akiihitaji kila siku kwa zaidi ya siku chache aseme kliniki ili INR (kipimo cha muda wa damu kuganda) iangaliwe.

Mafuta ya kupaka yenye steroidi kali kama betamethasoni au klobetasoli, yanayouzwa ovyo madukani, yasipakwe kwa miezi bila daktari. Ngozi iliyo pembeni ya kovu inakonda na kuwa nyeupe, fangasi wanakaribishwa, na kamba nene inabaki pale pale. Mkorogo ni hivyo hivyo.

---

Kibaigwa_Sokoni #5

Huku kwetu watu wanasema kitunguu saumu kilichopondwa kinamaliza kabisa. Kinafungiwa usiku kucha na kitambaa. Mnasemaje?

---

NesiWaKidonda #6

Kitunguu saumu kibichi kikifungwa juu ya ngozi kwa saa nyingi kinaunguza, tena kuungua kwa kweli, malengelenge na ngozi kuvuka. Ukiunguza ngozi iliyo tayari kutengeneza keloidi, umeipa eneo jipya la kukua. Limao na dawa ya meno vimo kwenye kundi hilo hilo.

Kuchanjwa kwa wembe juu ya kovu ndiko kubaya kuliko vyote. Mwenye valvu (mlango wa moyo) ya bandia, bakteria wakiingia kwenye damu kupitia ngozi wanaweza kujishikiza kwenye valvu. Hapo mtu anaongelea wiki za antibaiotiki za kwenye mshipa na pengine upasuaji wa pili. Na kama yuko kwenye wafarini, damu haikatiki upesi.

---

ZabibuChungu #7

Sasa silikoni, ule ukanda laini unaonata wa kubandika juu ya kovu, maana ndiyo hatua ya kwanza kwa kovu la namna zote mbili na watu wengi wanaitumia vibaya.

Inafanya kazi kwa kuzuia maji yasitoke kwenye kovu. Ngozi ya juu ikiwa na unyevu inatuma ujumbe kwa seli za chini zipunguze kolajeni. Haina dawa ndani yake, kwa hiyo ukiivaa saa 3 kwa siku unapoteza hela.

Wakati wa kuanza: kidonda kimefunga chote, magamba yameanguka yenyewe, hakuna hata tone la majimaji. Kwa wengi ni kati ya wiki ya 3 na ya 6. Ncha ya chini karibu na chembe ya moyo huchelewa, basi anza na sehemu ya juu na uiache ya chini mpaka ifunge.

Namna ya kuvaa:

Kata ukanda unaozidi kovu kwa sentimita 1 hadi 1.5 kila upande. Usikate mmoja mrefu wa sentimita 22, utabanduka katikati unapoinama. Kata viwili au vitatu, viweke vikigusana. Kona zikate ziwe mviringo, kona kali ndizo zinazoanza kunyanyuka na kushika vumbi.

Ngozi iwe safi, kavu, bila mafuta. Mafuta ya mgando na silikoni havikai pamoja. Yapake katika saa ambazo silikoni imetoka.

Siku ya kwanza vaa kwa muda wa saa 4. Ongeza saa 2 hadi 4 kila siku mpaka ufike angalau 12 kwa siku. Anayefika 20 na zaidi bila vipele ni bora zaidi. Muda wote ni miezi 3 kwa uchache, keloidi inahitaji 6 au zaidi.

Ioshe kila siku kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, iache ikauke kwenye hewa, upande unaonata ukitazama juu. Usiifute kwa kitambaa, nyuzi zitaganda. Ikiacha kunata hata baada ya kuoshwa, imekwisha.

Wanaume wenye nywele kifuani: zipunguzeni kwa mkasi. Wembe unaleta vipele vya vinyweleo, na kwa mwenye asili ya keloidi kila kipele cha kidari kinaweza kugeuka uvimbe wake.

---

Mnyaturu_wa_Ikungi #8

Oktoba na Novemba joto likipanda, silikoni inajaa jasho chini na ngozi inatoka vipele. Mtu aache?

---

ZabibuChungu #9

Asiache moja kwa moja. Aitoe siku 2 au 3 ngozi itulie, kisha aivae usiku tu mpaka joto lipungue, na aioshe mara mbili kwa siku badala ya moja. Au ahamie jeli ya silikoni: kiasi cha punje ya njegere kinatosha kovu la sentimita 20, tabaka jembamba mara mbili kwa siku, subiri dakika 4 hadi 5 ikauke ndipo uvae shati. Ikibaki inanata ujue umezidisha.

Tofautisha na mzio: vipele vya joto viko vidogo vidogo na vinaisha siku chache. Wekundu au weusi wenye umbo lile lile la ukanda, unaowasha sana na kutoa maji, huo ni mzio wa gundi. Badilisha aina.

---

Mfamasia_AreaC #10

Tusiwasahau wasioweza kumudu silikoni. Plasta ya karatasi ya hospitali, ile nyembamba inayopitisha hewa, ikibandikwa kwa urefu wa kovu inapunguza mvuto na kuzuia kunyanyuka. Ianze kidonda kikishafunga, ikae mpaka ianze kujibandua yenyewe, kisha ibadilishwe. Wiki 12. Unaoga nayo, unaikausha kwa kugusagusa. Kosa la kawaida ni kuibandua kila siku kwa kuivuta: inaondoka na ngozi ya juu. Ilowanishe kwanza, ivute taratibu ikilala sambamba na ngozi.

Kwa keloidi iliyokwisha kukomaa plasta haitafanya kitu. Ni kinga.

---

NesiWaKidonda #11

Kukanda. Hapa naona watu wanaanza mapema mno. Wiki 6 hadi 8, na daktari amethibitisha kidonda kimefunga na mfupa hautikisiki. Kabla ya hapo hapana.

Vidole viwili, mafuta kidogo. Bonyeza mpaka kucha ya kidole chako ibadilike iwe nyeupe kwenye ncha. Kwa ngozi nyeusi huwezi kutegemea kuona kovu lenyewe likibadilika rangi, kucha ndiyo kipimo. Sukuma ngozi juu chini, kulia kushoto, kisha mizunguko midogo. Ngozi isogee juu ya mfupa, kidole kisiteleze juu ya ngozi. Dakika 5 hadi 10, mara 2 au 3 kwa siku. Kovu likipasuka, likitoa majimaji au likiwa la moto, simamisha.

Na kwa keloidi inayokua kwa kasi usikande kabisa. Msuguano unaichokoza. Hapo mimi natofautiana na wanaosema kila kovu likandwe.

---

MamaWaIpagala #12

Na sidiria je? Wengine wanaambiwa wasivae kabisa, wengine wavae muda wote.

---

NesiWaKidonda #13

Matiti yasiposhikiliwa yanavuta kovu kwenda pande mbili na chini, hasa kwa wenye matiti makubwa, na kidonda kinaweza kuachia sehemu ya chini. Kwa hiyo ivaliwe, hata usiku miezi ya mwanzo. Iwe ya pamba, inayofungwa mbele, isiyo na chuma, yenye mkanda mpana wa chini. Kuvaa ya kufungia nyuma kunalazimisha mikono irudi nyuma, jambo lisilotakiwa kabla ya wiki 8 hivi. Kama mshono wa katikati unagusa kovu, weka kipande cha kitambaa laini cha pamba kilichokunjwa mara mbili, kibadilishwe kila siku.

Mzigo pia. Wiki 6 hadi 8 za mwanzo usizidi kilo 4 hivi. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, haijalishi unaibeba kichwani, maana lazima uinyanyue kwanza. Kusukuma baiskeli yenye madumu, kutwanga, kufua mashuka na kuyakamua, vyote vinavuta kidari. Bodaboda na barabara za vumbi zenye makorongo zisubiri mpaka mfupa uunge.

---

Kibaigwa_Sokoni #14

Sindano za keloidi zinachomwa vipi? Kuna anayesema zinauma kuliko upasuaji.

---

ZabibuChungu #15

Zinauma, tusidanganyane, hasa ya kwanza, kwa sababu keloidi ngumu inagoma kupokea dawa. Ndiyo maana anayechoma hutumia bomba dogo ambalo sindano inafungwa kwa kuzungushwa. Ile ya kuchomeka tu inaruka kwa msukumo na dawa inamwagika. Sindano yenyewe ni nyembamba, namba 27 hadi 30.

Dawa ni triamsinoloni, aina ya steroidi, nguvu ya miligramu 10 hadi 40 kwa mililita. Huwekwa ndani ya nyama ya kovu lenyewe. Ikiingia kwenye mafuta ya chini ya ngozi, mahali hapo panabonyea. Ikivuja kwenye ngozi ya pembeni, panabaki doa jeupe ambalo kwa mtu mweusi linaonekana kutoka mbali na linaweza kukaa miezi mingi. Huo ndio utofauti wa mkono uliozoea na usiozoea.

Hurudiwa kila wiki 4 hadi 6, mara 3 hadi 6, wengine zaidi. Kovu la kidari ni refu, kwa hiyo mara nyingi halichomwi lote siku moja. Wanaanza na sehemu inayosumbua zaidi, maana dozi ya siku ina kikomo. Muwasho na maumivu ndivyo hupungua kwanza, mara nyingi baada ya sindano ya kwanza au ya pili. Ubapa unakuja baadaye, rangi haiahidiwi.

Kupunguza maumivu: barafu iliyofungwa kitambaani dakika 5 hadi 10 kabla, au krimu ya ganzi iliyopakwa na kufunikwa kwa nailoni saa 1 kabla. Kuna wanaochanganya dawa na ganzi kwenye bomba moja. Sema mapema kwamba una tatizo la moyo, kwa sababu baadhi ya ganzi zimechanganywa na adrenalini, inayoharakisha mapigo ya moyo.

---

Mfamasia_AreaC #16

Mambo matatu ya kumwambia daktari wa ngozi kabla hajashika bomba, na asipouliza mwambie mwenyewe:

Wafarini. Nenda na kadi ya INR ya karibuni. Usiache wafarini kwa siku kadhaa "ili damu isitoke". Valvu ya chuma ikiganda damu ni kifo au kiharusi. Anayeamua ni kliniki ya moyo. Baada ya sindano kila tundu libonyezwe kwa gozi (kitambaa cha kufungia vidonda) dakika 5 bila kuchungulia.

Kisukari. Steroidi hii inapandisha sukari kwa siku kadhaa, hata wiki 1 au 2. Pima mara nyingi zaidi kipindi hicho.

Ujauzito, au kupanga ujauzito. Wakati mwingine triamsinoloni inachanganywa na fluorourasili, dawa ya saratani ambayo haitakiwi kwa mjamzito na isiyopatana na wafarini.

Sindano ya kila mwezi ya penisilini kwa wenye moyo wa homa ya baridi yabisi haina ugomvi na hii. Msiruke hata moja kwa kisingizio cha kovu.

---

Mnyaturu_wa_Ikungi #17

Kwa nini wasilikate tu liishe? Hospitali kubwa tunazo, Benjamin Mkapa ipo hapa hapa.

---

ZabibuChungu #18

Kwa sababu keloidi ikikatwa peke yake hurudi, vitabu vinataja kuanzia 45 hadi karibu 100 katika kila watu 100, na mara nyingi inarudi ikiwa kubwa kuliko iliyokatwa. Jeraha jipya mahali pale pale, mvuto ule ule.

Kukata kunafaa pale tu kunapofuatiwa na kitu: sindano za triamsinoloni kuanzia wiki za mwanzo, au mionzi ya juu juu. Mionzi inatakiwa ianze ndani ya saa 24 hadi 72 baada ya kukatwa, kwa mafungu machache. Hapo ndipo watu wa kanda ya kati wanapokwama. Huwezi kukatwa Dodoma Jumatatu ukapange safari ya hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar, wiki ijayo, muda umepita. Daktari wa upasuaji na wa mionzi wawe wamekubaliana tarehe kabla ya kisu. Watoto hawapigwi mionzi kwa ajili ya kovu, na kwa mwanamke kijana titi na tezi ya shingo vinazingatiwa.

Kugandisha kwa naitrojeni ya maji kunasaidia uvimbe mdogo, lakini kwenye ngozi nyeusi huacha weupe. Kwa kovu la sentimita 20 katikati ya kifua ningefikiria mara tatu.

Njia ya kufuata: kliniki ya moyo wakuandikie rufaa kwa daktari wa ngozi ukieleza muwasho, maumivu na picha zako. Kesi ngumu hupelekwa Muhimbili au kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC Moshi. Mwenye bima aulize kabla ya kwenda kama sindano hizi zinalipwa. Wengine huzihesabu kama urembo, na barua ya daktari inayotaja maumivu na muwasho inasaidia.

---

MamaWaIpagala #19

Kuna uvimbe mmoja mgumu juu kabisa ya kovu, mdogo kama punje ya mtama, unauma ukiguswa na mkanda wa mkoba. Kovu lingine lote ni bapa. Hiyo nayo ichomwe sindano?

---

NesiWaKidonda #20

Hapana dada, subiri. Uvimbe mmoja mgumu wenye ncha, kovu lingine likiwa bapa, mara nyingi ni fundo la waya wa kidari linalosukuma ngozi, hasa kwa mtu mwembamba. Picha ya eksirei ya kifua, ya mbele na ya ubavu, inaonyesha. Mfupa ukishaunga kabisa waya huo unaweza kutolewa kwa tundu dogo na ganzi, ila aamue daktari wa upasuaji wa moyo.

Usisubiri kliniki, nenda siku hiyo hiyo ukiona mojawapo: usaha au tundu linalotoa maji, hata kidogo, hata kama kovu lilikuwa limepona, joto la mwili 38 au zaidi, kidari kugonga "ka, ka" ukigeuka kitandani au kukohoa, ngozi juu ya fundo kuwa nyembamba na kung'aa.

Mpaka hapo, hamishia mkoba bega la pili na mkanda usipite kifuani. Na asikuchome mtu triamsinoloni mahali hapo kabla picha haijasomwa: itaikondesha ngozi iliyo juu ya waya, na waya utatoka nje.